Lengo la Nani? Msamiati wa Tiba ya Tabia kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji

Mvulana aliyeandikwa kwenye ripoti kwa jina la Dicky alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu, na alikuwa mbioni kupoteza uwezo wake wa kuona. Alipata mtoto wa jicho kabla hajafikisha mwaka, madaktari wakalazimika kuondoa lenzi za macho yake, na tangu hapo hakuweza kuona sawasawa bila miwani. Miwani yenyewe akaikataa katakata. Alikuwa na usonji. Alijigonga kichwa, alijipiga makofi, alijivuta nywele, usiku hakulala wala hakuwaacha wazazi wake walale. Daktari wa macho akaonya kwamba asipoanza kuvaa miwani ndani ya miezi sita, ile sehemu ya katikati ya uoni, inayomwezesha mtu kutambua sura na kusoma maandishi, itapotea na haitarudi.

Hayo yalitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika jimbo la Washington, Marekani. Dicky alilazwa katika Hospitali ya Western State, na kazi ya kumsaidia ikaangukia kwa wanasaikolojia watatu: Montrose Wolf, Todd Risley na Hayden Mees. Hawakuanza kwa kumvisha miwani. Walitawanya fremu tupu chumbani, zisizo na vioo, wakamwacha mtoto atembee. Alipoigusa fremu moja, mhudumu alibonyeza kidude cha kuchezea kinachotoa mlio, kisha akampa kipande cha peremende au tunda. Alipoishika, mlio, na kipande kingine. Baadaye kuishika tu hakukutosha tena, ilibidi aibebe. Kisha ilibidi aisogeze karibu na macho.

Kazi ilikwenda polepole mno, kwa sababu peremende hazikuwa na mvuto wa kutosha kwake. Ndipo wakaamua kutumia kifungua kinywa, akawa anapewa tonge kwa tonge kila anaposogea hatua moja zaidi, na baadaye wakatumia aiskrimu. Siku ziliposonga, vioo halisi viliwekwa kwenye fremu. Alipotoka hospitalini, Dicky alikuwa anavaa miwani yake saa 12 hivi kwa siku. Ripoti ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1964, na wanaofundishwa uchambuzi wa tabia, fani iliyo nyuma ya tiba ya tabia, hadi leo husimuliwa kisa hicho.

Nimeanza na Dicky kwa sababu karibu nusu ya msamiati wa fani hii umo ndani ya chumba kile, na kwa sababu kuna jambo moja katika kisa chake ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Lengo lilikuwa la mtoto mwenyewe. Miwani haikuwa ya kumpendeza mwalimu, wala ya kumfanya aonekane kama watoto wengine kanisani au msikitini. Ilikuwa ya kuokoa macho yake. Nitalirudia hili, maana kwangu ndilo linalotofautisha tiba ya tabia inayomfaa mtoto na ile inayomuumiza.

Kwanza, msamiati wenyewe. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wenye watoto wenye usonji hukutana nao ghafla, kwenye karatasi ya tathmini au katika kikao cha nusu saa na mtaalamu, na hutoka wameitikia kwa kichwa maneno ambayo hawakuyaelewa.

Kiimarishi ni kitu chochote kinachofuata tendo na kulifanya tendo hilo litokee zaidi siku zijazo. Kipimo chake ni matokeo, nia ya anayekitoa haihesabiki. Peremende za Dicky zilikuwa tamu kwa kila mtu chumbani, lakini kwa tendo lile, kwa mtoto yule, nguvu yake ilikuwa ndogo. Mwalimu anayesema amempa mwanafunzi zawadi na haisaidii, kwa lugha ya fani hii, bado hajapata kiimarishi. Atafute kingine. Huenda ni kubembea, huenda ni kuachwa peke yake dakika mbili akitazama feni inavyozunguka.

Ule mlio wa kidude ulikuwa kiimarishi cha kujifunza. Mwanzoni haukuwa na maana yoyote, ukaipata kwa kuandamana na chakula. Vibandiko vya nyota kwenye daftari na vibonye vinavyokusanywa ili kubadilishwa na mchezo hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Na ule utaratibu wa kukubali kwanza mguso, kisha kushika, kisha kubeba, huitwa kufinyanga tabia. Unaanza na kile ambacho mtoto tayari anaweza kukifanya, hata kikiwa kidogo namna gani, na kila mara unasogeza mstari mbele kidogo.

Lakini hapo kwenye kifungua kinywa lazima nisimame. Kutumia mlo wa mtoto kama kishawishi kulipita mwaka 1964 bila maswali mengi. Leo, mtaalamu akikwambia mwanao asile mpaka afanye kazi aliyopangiwa, mchukue mwanao uondoke naye. Chakula, maji, usingizi na kukumbatiwa na mama ni haki ya mtoto, havigeuzwi kuwa mshahara.

Chimbuko la fikra hizi ni maabara za wanyama. Edward Thorndike alichunguza mwishoni mwa karne ya 19 jinsi paka walivyojifunza kujitoa kwenye vizimba, na B. F. Skinner, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 1990, aliendeleza kazi kama hiyo kwa panya na njiwa. Fani yenyewe ilipata sura yake mwaka 1968, Wolf na Risley, wakiwa sasa Chuo Kikuu cha Kansas pamoja na Donald Baer, walipoandika makala iliyoeleza kazi hii inapaswa kuwa ya namna gani. Walitaka ishughulike na mambo yenye uzito katika maisha ya watu, ipime matendo yanayoonekana, na ielezwe kwa uwazi kiasi kwamba mtu mwingine akisoma aweze kuirudia. Sharti hilo la mwisho lina faida kubwa kwa mzazi. Mtaalamu asiyeweza kukueleza hatua kwa hatua anachomfanyia mwanao amelivunja.

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku. Kabla ya kubadilisha chochote, mchambuzi hutazama mambo matatu: kilichotangulia, tendo, na kilichofuata. Tendo huandikwa jinsi lilivyoonekana. "Ana hasira", "ni mkaidi", "ana kiburi kama baba yake", hayo hayaandikwi. Kinachoandikwa ni hiki: alijing'ata mkono wa kulia, mara tatu, mwalimu alipoweka penseli mezani, na mwalimu akampeleka nje. Ukiandika hivyo kwa wiki moja, utaona mambo ambayo miaka ya lawama haikuyaonyesha.

Hebu tubaki na mtoto huyo wa penseli, maana yeye ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Mwalimu anaweka penseli, mtoto anajing'ata, mwalimu anaogopa na kumtoa nje akae chini ya mwembe. Mtoto anatulia. Kesho yake hali ni ile ile, keshokutwa vilevile, na mwisho wa mwezi mtoto anajing'ata akiiona tu penseli. Huo ni uimarishaji hasi. Katika fani hii, hasi maana yake ni kwamba kitu kimeondolewa, na chanya ni kwamba kitu kimeongezwa. Kazi ngumu iliondolewa, na tendo la kujing'ata likaimarika. Tazama pia upande wa pili: mwalimu naye ameimarishwa. Alipomtoa mtoto nje, kelele na damu mkononi viliondoka mbele yake, na kwa hiyo kesho atamtoa mapema zaidi. Wawili hao wanafundishana bila kujua, na hakuna mbaya kati yao.

Watu wengi husikia uimarishaji hasi wakadhani ni adhabu. Ni vitu viwili tofauti. Adhabu, kwa maana ya kitaalamu, ni kile kinachofuata tendo na kulipunguza. Nayo hupimwa kwa matokeo vilevile. Kwa hiyo mwanafunzi anayechapwa viboko kila Jumatatu kwa kosa lile lile tangu Januari hadi Juni, kwa kipimo cha sayansi hii, hajaadhibiwa hata siku moja. Ameumizwa tu. Tumezoea kumwambia mzazi samaki mkunje angali mbichi, na wengi wamelitafsiri hilo kwa fimbo. Laiti kila anayeshika fimbo angelazimika kuandika idadi ya makosa kabla na baada ya kuchapa, fimbo nyingi zingewekwa chini kwa aibu.

Kwa nini mtoto hutenda anavyotenda? Mwaka 1982, Brian Iwata na wenzake huko Baltimore walichapisha utafiti juu ya watoto tisa waliokuwa wakijiumiza. Kila mtoto aliwekwa kwa vipindi vya dakika 15 katika hali tofauti: mara anapewa kazi ya kusoma, mara anasemeshwa kila anapojiumiza, mara anacheza bila kudaiwa lolote, mara yuko peke yake. Walichokiona ni kwamba tendo moja linaloonekana sawa kwa macho lilikuwa na sababu tofauti kwa watoto tofauti. Mmoja alijipiga zaidi alipopewa kazi, mwingine alipokuwa peke yake. Tangu hapo fani huzungumza juu ya kazi ya tabia, yaani tabia inampatia mtoto nini, na kwa kawaida hutajwa nne: kupata watu wamwangalie, kukwepa jambo, kupata kitu, na hisia inayotokana na tendo lenyewe.

Mtoto anayepiga yowe kila mama anaposhika simu huenda anatafuta macho ya mama. Anayejitupa chini dukani huenda anataka biskuti. Anayepeperusha viganja mbele ya dirisha pengine hamdai mtu chochote, mwili wake unapata raha au utulivu katika mwendo ule, na swali la kwanza la kumuuliza mtaalamu anayetaka kuuzuia ni hili: unamdhuru nani?

Kujua kazi ya tabia hubadilisha hatua unayochukua. Yule wa penseli ukimpuuza, hutasaidia kitu, kwa sababu hakuwa akitafuta kuangaliwa. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 njia ambayo binafsi naiona kuwa zawadi kubwa kuliko zote fani hii ilizotoa: mfundishe mtoto namna nyingine ya kusema kile ambacho tabia yake ilikuwa inasema. Mpe mtoto wa penseli kadi ya "pumzika", au ishara ya mkono, au neno kama analo. Akiitumia, apumzike palepale, bila masharti. Katika utafiti wao, watoto walipopata njia ya kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, vurugu zilipungua. Mtoto aliyekuwa akijing'ata alikuwa anazungumza muda wote. Sisi ndio tulikuwa hatujampa njia isiyo na damu.

Kuna istilahi moja ambayo wazazi wanapaswa kuijua mapema kabla haijawashtua nyumbani: kuzimisha. Ni kuacha kutoa kile kilichokuwa kinaimarisha tabia. Yowe lililokuwa linaleta biskuti sasa halileti. Inaonekana rahisi kwenye karatasi. Kinachoweza kutokea ni kwamba mtoto hupiga yowe kubwa zaidi kwanza, kwa muda mrefu zaidi, na huenda akaongeza kupiga au kurusha vitu. Huo huitwa mlipuko wa kuzimisha. Mama akivumilia dakika 20 kisha akakata tamaa na kutoa biskuti mbele ya umati unaomtazama, mtoto amejifunza kwamba yowe la dakika 20 ndilo linalolipa. Kwa sababu hiyo kuzimisha hakufai kuanzishwa peke yake, wala na mtu asiye na msaada nyumbani, wala kwa tabia inayoweza kumjeruhi mtoto inapozidi. Kunakwenda sambamba na kumfundisha njia mbadala ya kuomba. Mama aliyeachwa peke yake na mlipuko bila maelezo hajashindwa yeye, walioshindwa ni waliompa maagizo nusu.

Kwa kufundisha stadi mpya, maneno makuu ni mnyororo na kidokezo. Chukua kunawa mikono. Kwa mtu mzima ni tendo moja. Ukilichambua ni mengi: kusogea kwenye ndoo, kufungua koki, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua nyuma ya mikono, kusuuza, kufunga koki, kufuta. Kuna watoto hufundishwa kuanzia mwisho. Mlezi hushirikiana na mtoto hatua zote, mkono juu ya mkono kama mtoto ameridhia kushikwa, isipokuwa ya mwisho: taulo, mtoto anafuta mwenyewe, na hapo sifa humiminika. Akiimudu hiyo, anaachiwa pia kufunga koki, na kadhalika kurudi nyuma. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila mara mtoto anamalizia kwa ushindi wake mwenyewe. Kidokezo, kiwe cha mkono, cha kidole kinachoonyesha au cha neno, lazima kififishwe hatua kwa hatua, vinginevyo mtoto atasubiri kidole chako maisha yake yote.

Na akishajua kunawa kwenye kituo cha tiba lakini nyumbani hanawi, basi bado hajajua. Stadi lazima ienee kwa bibi, kwa bomba la shuleni, kwa sabuni ya rangi nyingine. Wengi hufundisha kisha wakatumaini kwamba itaenea yenyewe.

Nilisema nitarudi kwenye lengo. Ole Ivar Lovaas, mzaliwa wa Norway aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha mwaka 1987 matokeo ya watoto 19 wenye usonji waliopewa tiba ya saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi. Tisa kati yao, alisema, walifikia kiwango cha kawaida cha akili na cha elimu. Habari hizo zilienea duniani, na matumaini ya wazazi wengi hata leo yana mizizi yake hapo. Haielezwi mara nyingi kwamba watoto hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, na kwamba tiba ilikuwa na karipio la sauti kubwa na makofi ya pajani. Miaka ya 1960 Lovaas alikuwa ametumia hata shoti ya umeme kwa watoto. Kituo kimoja cha Massachusetts, Judge Rotenberg Center, kiliendelea na umeme kwa miongo mingi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya kutoa shoti hiyo mwaka 2020, na mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021.

Ushahidi wenyewe una mipaka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 juu ya tiba ya tabia ya saa nyingi kwa watoto wadogo yalipata tafiti tano tu, zenye watoto 219 kwa jumla. Yaliona dalili za manufaa, na yakasema ushahidi ni dhaifu. Anayekuuzia uponyaji amepita mipaka ya anachokijua.

Watu wazima wenye usonji waliopitia tiba hii utotoni wamesema mengi, na inatupasa kuwasikiliza. Wapo wanaoeleza kwamba walifundishwa kutazama watu machoni ingawa iliwaumiza, kutuliza mikono iliyokuwa ikiwatuliza wao, na kutii kila mtu mzima bila kujua kwamba wana haki ya kukataa. Sioni namna ya kuwajibu isipokuwa kukubali kwamba malengo hayo yalichaguliwa kwa ajili ya starehe ya waliowazunguka. Mbinu ni zile zile zilizookoa macho ya Dicky, kilichobadilika ni lengo. Mtoto aliyefundishwa kutii kila mtu mzima yuko hatarini mbele ya mtu mzima mbaya, na wazazi tunajua mitaani kwetu wamo.

Cha kutia moyo ni kwamba fani yenyewe ina istilahi ya kulikabili hili, na aliyeiandika ni Montrose Wolf yule yule wa miwani. Mwaka 1978 alichapisha makala juu ya uhalali wa kijamii. Alitaka mambo matatu yaulizwe kwa wanaohusika: je, lengo hili wanalitaka? Njia hii wanaikubali? Matokeo haya yanawaridhisha? Aliandika wakati wenzake wakiona maoni ya watu si kitu cha kupimwa kisayansi. Kwa maoni yangu ndiyo istilahi ya kwanza ambayo mwanafunzi angepaswa kufundishwa, lakini katika mafunzo mengi huja mwishoni, ikiwa itakuja.

Marekani, msaidizi wa tiba ya tabia anaweza kusajiliwa baada ya mafunzo ya saa 40 na tathmini ya stadi na mtihani, chini ya bodi iliyoanzishwa mwaka 1998, kisha afanye kazi akisimamiwa na mchambuzi mwenye cheti. Vijana wetu walioko huko wanaoingia kazi hii wajue kwamba saa 40 hutosha kujifunza majina ya mambo. Kumjua mtoto huchukua muda mrefu zaidi. Huku kwetu wachambuzi ni wachache, wako zaidi kwenye miji mikubwa, na bei zao haziko karibu na kipato cha familia nyingi. Kwa familia hizo kuna mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo yamejaribiwa pia Kenya na Ethiopia, na yanaweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu. Yanamfundisha mzazi kucheza na mtoto, kugawa kazi katika hatua ndogo na kuelewa kinachosemwa na tabia, mambo yale yale tuliyoyapitia hapa, bila saa 40 kwa wiki na bila bili ya kituo.

Ukibahatika kumpata mtaalamu, nenda na daftari lenye safu tatu za mwanao: kilichotangulia, tendo, kilichofuata. Muulize kila lengo litamfaidi nani mtoto akiwa na miaka 20. Omba kukaa ndani ya chumba, na mahali usiporuhusiwa kuingia mwanao naye asiingie. Kisha muulize hili: mtoto wangu akitaka mazoezi yasimame, atawaambiaje, na nyinyi mtafanya nini? Mtaalamu anayefaa atakuwa na jibu tayari, na utaweza kuliona kwa macho: kadi ya "basi" iliyobandikwa mezani mahali mkono wa mtoto unapofika, ishara aliyofundishwa wiki ya kwanza kabla ya rangi na namba, na mapumziko yanayotolewa papo hapo kila anapoyaomba.